Somo kwa Vyama vya Msingi: Kuchagua Gari la Kukokota Tela Zito kwa Gharama Nafuu

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Neno hilo huthibitika kila bodi ya chama inapoketi kujadili ununuzi wa gari. Mezani gunia huonekana jepesi, mlima huonekana mfupi, na mafuta huonekana machache. Anayeujua uzito wa gunia hilo ni dereva aliyeko kwenye utelezi, na mwanachama ambaye makato ya kahawa yake ndiyo yatakayolipa deni la gari.

Shabaha ya somo hili ni kuwasaidia makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi kupima kwa hesabu, wala si kwa macho, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne na linalokusudiwa kukokota tela la mazao. Inafaa lisomwe kwa vikundi, kalamu na karatasi zikiwa tayari.

Kisa cha kujifunzia

Chama kimoja cha wakulima wa kahawa wa milimani kiliamua kununua gari la magurudumu manne. Wajumbe walilipenda gari kubwa la petroli, lenye viti vizuri na nafasi ya watu wanane. Kwa kuwa halikuwa na mahali pa kupakia magunia, fundi wa kijijini alitengeneza tela la chuma cha pua nene, imara kwa kutazama, lakini lisilo na breki. Hakuna aliyepima uzito wa tela hilo likiwa tupu.

Msimu wa kwanza ulipita salama kwa kuwa mvua zilichelewa. Msimu wa pili, katika mteremko wenye utelezi, tela lililisukuma gari kutoka nyuma. Dereva alipokanyaga breki, gari lilipinda na tela likaendelea mbele. Kwa busara yake aliligonga gari kwenye ukingo wa barabara badala ya kuliacha liende bondeni. Utingo alivunjika mguu, na magunia 30 yakaangukia kijitoni. Kahawa ya maganda iliyokwisha kukaushwa, ikilowa tena, hupoteza ubora na bei yake.

Katika Mkutano Mkuu uliofuata, mzee mmoja mwanachama alisimama akauliza swali moja tu: "Ndugu Mwenyekiti, gari hili lilinunuliwa kubeba kahawa au kubeba Bodi?" Mkutano ulinyamaza. Swali lile lingeulizwa kabla ya ununuzi, lingeokoa mguu wa kijana na fedha za wanachama wote.

Jambo la kwanza: Kuujua uzito

Kila gari lina uzito wake likiwa tupu, na lina uzito wa juu kabisa ulioruhusiwa na mtengenezaji likiwa limepakiwa. Tofauti ya hayo mawili ndiyo shehena yake. Aidha, mtengenezaji huweka kikomo cha uzito wa tela, na mara nyingi kikomo cha gari na tela kwa pamoja. Namba hizo huandikwa katika kibati cha gari au katika kitabu chake. Katibu asikubali kununua gari kabla ya kuziona namba hizo kwa macho yake.

Jambo linalosahaulika zaidi ni uzito unaokandamiza ndoano ya gari. Tela la ekseli moja hulalia ndoano kwa sehemu ya uzito wake. Sehemu hiyo ikiwa ndogo mno, tela huyumba kama mkia wa mjusi. Ikiwa kubwa mno, nyuma ya gari hudidimia na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko wa usukani. Kiasi cha asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa tela lililopakiwa hufaa, mradi kisizidi kikomo cha ndoano. Uzito huo huhesabiwa kuwa ni sehemu ya shehena ya gari lenyewe.

Tuchukue mfano. Pikapu tupu ina kilo 2,100 na shehena yake ni kilo 900. Dereva na utingo wana kilo 150, hivyo zinabaki 750. Tela lenye breki lina kilo 700 likiwa tupu, na kikomo chake ni kilo 2,500. Basi tela litabeba kilo 1,800, yaani magunia 36 ya kilo 50. Likilalia ndoano kwa asilimia 7, hizo ni kilo 175. Shehena ya pikapu iliyobaki ni kilo 575, yaani magunia 11 na siyo 15. Jumla ya safari moja ni magunia 47. Anayepakia 60 kwa kuwa "nafasi ipo" anakula maisha ya springi, beringi na dereva.

Huko Ulaya, watu wanaokokota karavani, yaani vijumba vya magurudumu vya likizo, hushauriwa kwamba karavani lililopakiwa lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu, hasa kwa dereva asiye mzoefu. Sababu ni kwamba karavani ni refu, hupigwa na upepo, na huenda kwa mwendo wa barabara kuu. Tela la kahawa ni fupi na huenda polepole, lakini asili ya hatari ni moja: kinachovutwa kisimtawale anayevuta. Kanuni inayofaa kwa chama ni kwamba tela lililopakiwa lisiwe zito kuliko gari lililopakiwa. Katika mfano wetu gari na mizigo yake lina kilo 2,800 na tela kilo 2,500. Kanuni imetimizwa.

Jambo la pili: Breki kabla ya injini

Wanunuzi wengi huuliza kwanza gari lina nguvu kiasi gani. Swali lililo bora ni kwamba litasimama vipi. Gari na tela vyenye jumla ya tani 5, vikiteremka kutoka kilele hadi bonde lililo mita 500 chini yake, hutoa nishati inayotosha kuchemsha lita 70 za maji baridi. Nishati hiyo yote lazima iende mahali fulani. Ikiachiwa breki peke yake, breki hupata moto, hupoteza mshiko, na kanyagio hushuka hadi chini bila ya faida.

Kwa sababu hiyo, kwanza, tela zito sharti liwe na breki zake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya tela linalozidi kilo 750 haliruhusiwi kuwa bila breki, na kipimo hicho kinafaa kuwa mwongozo kwa kila chama. Breki iliyo rahisi zaidi ni ile inayojifunga yenyewe pale tela linapolisukuma gari. Pili, tela liwe na mnyororo wa usalama, ili lisiachane kabisa na gari iwapo ndoano itafunguka. Tatu, dereva ateremke kwa gia ile ile ambayo angepandia mlima huo, injini ikisaidia kuzuia mwendo. Kuteremka kwa gia huru ili "kuokoa mafuta" ni kuuza uhai kwa bei ya kikombe cha dizeli. Na injini nyingi za kisasa hukata mafuta zenyewe zinapozuia mwendo mlimani.

Jambo la tatu: Nguvu, gia na mwinuko wa nchi

Barabara inayopanda mita 1 kwa kila mita 10 huvuta nyuma kwa sehemu moja ya kumi ya uzito. Barabara nzuri ya changarawe huongeza kiasi cha asilimia 2. Hivyo tani 5 zitahitaji mvuto unaolingana na kuinua kilo 600. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kazi hiyo yahitaji nguvu za farasi 44 hivi kwenye magurudumu. Kwa kilomita 40 kwa saa zitahitajika 88. Hapa pana fundisho kubwa: anayeridhika kupanda polepole hahitaji injini kubwa. Anayetaka kupanda kwa kasi huinunua kasi hiyo mara mbili, kwanza dukani na baadaye kituo cha mafuta.

Ndiyo maana seti ya gia za chini ni muhimu kuliko ukubwa wa injini. Gia hizo huzidisha nguvu ya kuzungusha magurudumu takriban mara mbili na nusu, na huokoa klachi wakati wa kuondoka mlimani na mzigo. Gari linaloitwa la magurudumu manne lakini lisilo na gia za chini linafaa mjini kuliko mashambani.

Kwa kazi ya kukokota, injini ya dizeli ndiyo iliyo nafuu. Lita moja ya dizeli ina nishati nyingi kuliko lita ya petroli, na injini yake huitumia vizuri zaidi. Aidha hutoa nguvu ya msokoto injini ikizunguka polepole. Lakini ukubwa wa injini usimdanganye mtu. Injini ya Toyota ya 1HZ, iliyoenea sana katika magari ya Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ina silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, bila tarbo. Msokoto wake ni karibu Nm 280. Injini ya dizeli ya lita 2.4 ya pikapu ya Hilux ya kizazi kilichotoka 2015, yenye tarbo, hutoa hadi Nm 400.

Mwinuko wa nchi nao hudai sehemu yake. Injini isiyo na tarbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Mbeya, iliyo kwenye mita 1,700 hivi, injini kama hiyo hufanya kazi ikiwa imepungukiwa na karibu sehemu moja kwa sita ya nguvu zake. Injini yenye tarbo hupungukiwa kidogo zaidi kuliko hivyo.

Hata hivyo haifai kusema kwamba injini mpya daima ni bora. Injini ya kisasa hula mafuta machache, lakini mfumo wake wa kunyunyiza mafuta hauvumilii maji wala uchafu, na ikiharibika huhitaji fundi mwenye kifaa cha kuisoma. Chama kinachonunua dizeli ya madumu kando ya barabara, kilicho mbali na karakana, huenda kikapata nafuu kwa injini ya zamani inayokula zaidi lakini inayotengenezeka na fundi wa tarafani. Katibu aulize: vipuri viko wapi, fundi ni nani, na gari litalala siku ngapi likisubiri? Gari lililolala katikati ya msimu ndilo linalokula zaidi kuliko yote.

Jambo la nne: Magurudumu manne hutumika lini

Magari mengi ya kazi huvuta kwa magurudumu ya nyuma, na dereva huunganisha ya mbele panapohitajika. Magari hayo yasiendeshwe kwenye lami kavu yakiwa yameunganishwa, kwa maana magurudumu ya mbele na ya nyuma hayapiti njia sawa penye kona, na mfumo hujikaza, matairi yakaliwa na mafuta yakapotea. Magari mengine, kama vile Land Rover Defender ambalo lile la muundo wa zamani liliacha kutengenezwa Januari 2016, huvuta kwa manne wakati wote, yakiwa na difu ya katikati inayoruhusu tofauti hiyo. Dereva afundishwe gari lake ni la aina gani kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Jambo la tano: Je, gari linahitajika?

Tufike sasa kwenye hesabu iliyo kiini cha somo. Bei zilizotumika hapa ni za mfano. Kila chama kiweke za kwake. Kwa Tanzania, bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi.

Chama kina magunia 2,000 kwa msimu. Kutoka kituo cha milimani hadi kiwanda cha kukoboa ni kilomita 40, yaani 80 kwenda na kurudi. Dizeli ni shilingi 3,000 kwa lita.

Pikapu bila tela hubeba magunia 15. Itakwenda safari 134, kilomita 10,720. Ikila lita 12 kwa kilomita 100, zitatumika lita 1,286.

Pikapu hiyo hiyo na tela hubeba magunia 47. Itakwenda safari 43, kilomita 3,440. Ingawa sasa inakula lita 18 kwa kilomita 100, zitatumika lita 619 tu. Tela limeokoa zaidi ya nusu ya mafuta, yaani kiasi cha shilingi milioni 2. Hapa ndipo bodi nyingi hupiga makofi na kufunga daftari. Lakini hesabu haijakwisha.

Mafuta ni shilingi 1,857,600. Mshahara wa dereva kwa mwaka ni 3,600,000. Uchakavu wa gari na tela vilivyonunuliwa kwa shilingi milioni 60, vikigawanywa kwa miaka 10, ni 6,000,000. Matairi, huduma na bima ni 3,000,000. Jumla ni shilingi 14,457,600. Kila gunia limebeba shilingi 7,229.

Njia nyingine ni kukodi lori la tani 7, kwa shilingi 250,000 kwa safari. Lori hubeba magunia 140, hivyo litakwenda safari 15 kwa shilingi 3,750,000, yaani 1,875 kwa gunia. Iwapo lori haliwezi kufika milimani wakati wa mvua, na gunia lishushwe kwa pikipiki hadi barabarani kwa shilingi 4,000, jumla ni 5,875. Bado ni nafuu kuliko gari la chama.

Je, somo lote ni bure? Hasha. Vyama vitatu jirani vyenye magunia 6,000 vikishirikiana gari moja na tela moja, mafuta yatakuwa shilingi 5,572,800. Dereva na uchakavu hubaki 9,600,000. Matairi, huduma na bima zikipanda hadi 5,000,000, jumla ni shilingi 20,172,800. Kila gunia sasa limebeba shilingi 3,362 tu. Gari lile lile lililokuwa hasara kwa mmoja limekuwa faida kwa watatu. Uchumi wa gari umo katika kazi linayopewa kuliko katika tangi lake la mafuta.

Utaratibu wa kufuata

1. Bodi iandike kazi ya gari: magunia mangapi, njia ipi, miezi ipi. Kazi ya pili, kama vile kupeleka pembejeo, iandikwe pia.

2. Hesabu ya kukodi, kununua peke yake na kununua kwa ubia iletwe mbele ya Mkutano Mkuu. Gari liingizwe katika makisio. Na iwapo ni kwa mkopo, deni lisivuke ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis.

3. Zipatikane bei za wauzaji kadhaa kwa maandishi. Gari kuukuu likaguliwe na fundi asiye na maslahi kwa muuzaji. Rahisi ghali.

4. Tela lipimwe kwenye mizani likiwa tupu, na uzito wake upakwe rangi ubavuni pamoja na idadi ya juu ya magunia, ili kila mwanachama aweze kuisoma. Lisajiliwe kwa namba yake na likatiwe bima.

5. Daftari la safari lijazwe kila siku: kilomita, lita, magunia. Katibu agawe lita kwa kilomita kila mwisho wa mwezi. Ulaji ukipanda ghafla, ama gari linaumwa, ama mafuta yanatembea kwa miguu.

Maswali ya majadiliano

(a) Chama chenu kina magunia mangapi, na gharama ya kumfikishia mkulima gunia lake kiwandani ni shilingi ngapi leo?

(b) Tela likiwa na kilo 900 tupu badala ya 700, magunia mangapi yatapungua kila safari, na safari ngapi zitaongezeka kwa msimu?

(c) Ni vyama vipi jirani vinavyoweza kushirikiana nanyi gari moja? Nani atatunza ufunguo, na zamu zitapangwaje mvua inapokaribia?

(d) Mzee yule akisimama katika Mkutano Mkuu wenu na kuuliza swali lake, bodi itamjibu nini?